«Bintu bitamu»: neno dogo la mdomoni ambalo Uvira tunalipa kazi nyingi

Baba mkubwa wangu alirudi kutoka kituo kimoja cha afya akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba sukari imepanda katika damu yake. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha baba mkubwa ni kile cha shule ya msingi tu, kwa hiyo muganga alimfasiria kwa maneno machache akiwa tayari mlangoni, na foleni ya wagonjwa nyuma yake: «Papa, kuanzia leo bintu bitamu uache.»

Basi akaacha. Jioni ile ile alisukuma pembeni sahani ya ndagala. Kesho yake alikataa mukeke wa kuchoma. Siku ya tatu alikataa sombe, kwa sababu ilipikwa na mawese na karanga, na nyumbani kila mtu anajua kwamba sombe ya namna hiyo ni tamu kupita kiasi. Sukari ya chai pia aliiacha, hilo alilielewa vizuri. Lakini bugali ya mihogo hakuiacha. Aliila kwa wingi kuliko zamani, na lengalenga zilizochemshwa bila mafuta, akisema bugali haina utamu wowote, ni ya kujaza tumbo tu. Muchele mweupe vile vile. Viazi vile vile.

Baada ya wiki tatu alipimwa tena. Sukari ilikuwa imepanda zaidi, naye alikuwa amekonda na kukasirika, maana alijinyima kila kitu kizuri na bado aliambiwa kwamba hafuati mashauri.

Muganga hakusema uongo, na baba mkubwa hakukosa utii. Wote wawili walitumia neno moja, ila kila mmoja alikuwa na maana yake kichwani. Kwa muganga, aliyesoma kwa Kifaransa, «tamu» ilikuwa tafsiri ya «sucré», yaani kitu chenye sukari. Kwa mzee, kama kwa watu wengi wa pwani hii ya ziwa, «tamu» ni kitu ambacho mdomo unakipenda. Ndagala ni tamu. Bugali tupu si tamu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa hesabu ya lugha, si ya damu.

Tangu wakati ule nimekuwa nikilitegea neno hilo sikio, sokoni Mulongwe, kwenye bandari ya Kalundu, mezani kwa watu. Linafanya kazi nyingi ajabu.

Sikiliza mama anayeonja mchuzi jikoni. Akisema «haiko tamu», mkono wake hauendi kwenye sukari. Unaenda kwenye munyu. Akiongeza munyu kidogo na kuonja tena, anasema «sasa iko tamu». Mwambie Mfaransa kwamba umeweka chumvi ndipo chakula kikawa «sucré», atakuangalia kama umechanganyikiwa. Watu wa pwani ya bahari, Mombasa au Zanzibar, wangesema mchuzi «umekolea», na ule usio na chumvi wangeuita «wa chapwa». Sisi maneno hayo hatuyatumii sana. Tumeyaweka yote mikononi mwa tamu.

Na halibaki mdomoni. Kuna sauti tamu ya mwimbaji wa kwaya, kuna maneno matamu ya kijana anayetaka kitu, kuna usingizi mtamu wa asubuhi wakati mvua inapiga bati. Hadithi nayo inakuwa tamu, hata kama ni ya msiba, mradi anayeisimulia anajua kusimulia.

Dada zake tamu wana kazi nyingi pia. «Kali» ni ya pilipili, ya pombe, ya jua la mchana katika bonde la Ruzizi, na ya mkubwa wa kazi. «Chungu» ni ya kinini na ya majani ya mubirizi ambayo wazee wanachemsha kwa tumbo, lakini uchungu ni pia wa mama anayezaa, na wa mtu aliyefiwa. «Chachu» imebaki zaidi kwa vitu vilivyochacha, na kwa limau na ndimu. Kwa kweli Kiswahili hakina maneno mengi ya ladha. Kina machache, lakini hayapumziki.

Kifaransa kimetuongezea mengine, nacho hatukukipokea kilivyo. Kinywaji cha chupa kisicho na pombe, Kongo nzima inakiita «sukre». Kwenye harusi, wanaogawa vinywaji wanauliza tu: sukre ao pombe? Ladha imegeuka kuwa jina la chupa. Mtoto naye anaomba «bombo», ambayo ni «bonbon» ya Kifaransa, yaani «zuri-zuri», neno ambalo hata huko lilianza kama lugha ya watoto. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, mtoto kama huyo anaomba pipi. Nairobi anaweza kuomba peremende, ambayo ni Kiingereza cha «peppermint» kilichovaa nguo za Kiswahili.

Sasa, neno tamu lenyewe lilitoka wapi?

Wengi wanajibu haraka: Kiarabu. Wanataja neno «ta'm», lenye maana ya ladha, ndugu ya «ta'am», chakula. Jibu hilo lina nguvu yake. Maneno mengine ya jamaa hiyo yalikuja kwa njia hiyo bila shaka: ladha yenyewe ni ya Kiarabu, asali pia, na sukari tuliipata kwa Waarabu walioipokea kutoka Uajemi, na Waajemi waliipata India, ambako kwa Kisanskriti iliitwa «sharkara». «Sucre» ya Kifaransa na «sugar» ya Kiingereza zilipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa Uvira anayesema sukari, mtu wa Paris anayesema sucre na mtu wa London anayesema sugar wanatamka neno moja la Kihindi, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Lakini tamu ina tabia moja inayonisumbua. Sifa nyingi tulizopokea kutoka Kiarabu hazikubali viambishi vyetu. Tunasema watu hodari, hatusemi «wahodari». Tunasema vyakula ghali, vitu safi, kazi rahisi, na neno linabaki lile lile. Tamu haifanyi hivyo. Inavaa kiambishi kama neno la ukoo: mkate mtamu, mihogo mitamu, chakula kitamu, maembe matamu, na kwetu «bintu bitamu». Inatembea pamoja na -kali, -chungu, -zuri na -baya, ambayo ni maneno ya Kibantu. Ama ni mgeni aliyekaa muda mrefu hadi akasahau alikotoka, ama hakuwa mgeni hata siku moja na Kiarabu kinadaiwa kitu ambacho si chake. Mimi naegemea upande wa mgeni aliyezeeka nyumbani, lakini sitagombana na mtu juu ya hilo.

Kama ni mgeni kweli, basi alibadilika njiani. Kiarabu kinasema «ladha», iwe nzuri iwe mbaya. Sisi tukafanya iwe ladha nzuri peke yake. Si ajabu. Hata leo kijana wa Uvira akisifu chakula kwa kuchanganya lugha anasema «iko na goût», na anayemsikiliza haulizi goût ya namna gani.

Vijana wengi sasa wanajifunza Kiingereza katika vituo vya lugha vya mjini, kwa sababu ndugu zao waliopita katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Tanzania, leo wanaishi Marekani na wanapiga simu na maneno mapya. Neno lao la kwanza la ladha ni «sweet», na wanafundishwa kwamba sweet ni tamu. Nusu ni kweli. Sweet ni neno la zamani sana katika Kiingereza, na mzizi wake umezaa watoto wengi: «suavis» ya Kilatini, ambayo Kifaransa kiliigeuza «suave»; neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kupendeza, lililotupa jina la falsafa ya kutafuta raha; na kwa Kisanskriti «svadu», tamu, ndugu wa «svada», ladha. Kwa hiyo huko nako ladha na utamu vilikaa nyumba moja.

Ila sweet ya leo haifiki mahali tamu yetu inapofika. Mwambie Mmarekani kwamba samaki wa kukaushwa ni «sweet», atauliza kama umempaka asali. Kwake, chakula kilichokolea munyu kinahitaji neno lingine kabisa. Warundi, majirani zetu wa Gatumba na Bujumbura, wako upande wetu. Wanasema «kuryoha», neno ambalo ndani yake kila mtu anasikia kurya, kula. Wanalitumia kwa asali na kwa ndagala bila kubagua.

Ndagala zenyewe zinastahili kusemwa. Ni samaki wadogo wa aina mbili, wanavuliwa usiku na taa, wanaanikwa juani juu ya mchanga au kwenye tandiko la waya, na mnunuzi anawaonja wakiwa wakavu, mmoja mmoja, kabla ya kusema bei. Mmoja kati ya aina hizo mbili alipandikizwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Bukavu wanamwita sambaza. Ubishi juu ya nani mtamu zaidi, ndagala au sambaza, haujaisha tangu hapo, na mwandishi wa habari hii, kwa kuwa anakula Uvira, hawezi kuwa mwamuzi wa haki.

Ule utamu wa ndagala mkavu si wa sukari, si wa munyu, si wa uchachu wala uchungu. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walifundisha kwamba ulimi unajua ladha nne tu, hizo nilizotaja. Mwaka 1908, mjini Tokyo, mwanakemia Kikunae Ikeda alichunguza supu ya majani ya bahari ambayo Wajapani wanapenda na akapata ndani yake kitu kinachoitwa glutamati. Ladha yake akaiita «umami», kutoka neno la Kijapani la chakula kinachopendeza mdomoni. Miaka mitano baadaye mwanafunzi wake alipata kitu cha ukoo huo katika samaki mkavu. Kiingereza hakikuwa na neno la kuiita ladha hiyo, kikachukua la Kijapani lilivyo. Glutamati ndiyo iko pia katika kile kipande cha maggi ambacho mama wa Uvira anavunja ndani ya sufuria dakika ya mwisho. Yeye hakungoja Tokyo. Anakivunja, anaonja, anasema iko tamu.

Tuache sufuria, twende ziwani, maana huko neno hili liliwahi kuingia katika ubishi wa dunia nzima.

Kiswahili kinagawa maji makubwa kwa ulimi: kuna maji ya chumvi na kuna maji matamu. Katika vitabu vya uvuvi vya Tanzania utakuta pia «maji baridi» kwa maana hiyo hiyo. Wafaransa wanasema «eau douce», maji matamu kama sisi. Waingereza zamani walisema «sweet» kwa maji ya namna hiyo, siku hizi wanasema zaidi «fresh».

Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira Aprili 1858, kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Wakati huo Uvira ilikuwa mahali pa mwisho kaskazini ambapo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika kununua pembe za ndovu na watumwa. Ni kwa mitumbwi hiyo hiyo ya biashara, nzuri na mbaya pamoja, ndipo Kiswahili kilipofika huku. Walitaka kuona mto Ruzizi: unaingia ziwani au unatoka? Wapiga kasia walikataa kwenda mbele. Burton aliambiwa kwamba unaingia, akarudi bila kuuona kwa macho.

Hapo ladha ikaleta shida. Ziwa ambalo mito inaingia na hakuna unaotoka, kwa kawaida linakuwa la chumvi, maana jua linachukua maji na kuacha munyu. Bahari ya Chumvi kule Israeli na Yordani ni mfano ambao wasomaji wa Biblia wanaujua. Lakini kila aliyekunywa Tanganyika alisema maji yake ni matamu. Basi lazima kuna mlango mahali fulani. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley walifika pwani ya kaskazini na kuona wenyewe kwamba Ruzizi unaingia. Mlango ulikuwa bado haujapatikana. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliukuta upande wa magharibi: mto Lukuga, pale Kalemie ilipo leo, ukielekea Lualaba na hatimaye mto Kongo. Hata hivyo Stanley aliporudi mwaka 1876 aliukuta umezibwa na majani na matope, na maji hayatembei. Ziwa lilikuwa likipanda polepole. Miaka michache baadaye lilisukuma kizuizi hicho, na mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari kutoka London, aliona Lukuga ikitiririka.

Ulimi, basi, ulitangulia macho. Wavuvi wa Kalundu na Ujiji ambao hawakuandika kitabu walikuwa na ushahidi huo mdomoni kila siku.

Kusema kweli, maji yetu si matamu kabisa. Ruzizi inaleta madini kutoka ziwa Kivu na milima yake ya moto, na jua linachukua maji mengi zaidi ya yale yanayotoka kwa Lukuga. Mtu aliyezoea chemchemi za milima ya Itombwe akinywa maji ya ziwa anasikia kitu kizito kidogo. Sisi tuliolelewa nayo hatusikii. Tunasema ni matamu.

Na hapa neno linageuka kuwa hatari. Uvira ni moja ya miji ya Kongo ambako kipindupindu hakiondoki, kinapungua na kurudi. Bomba halifiki kila mtaa, na hata pale linapofika halina maji kila siku. Mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipovunja kingo zake, yaliua watu, yalibomoa nyumba na kuharibu pia mitambo ya maji. Wakati bomba limekauka, bidoni zinashuka ziwani au mtoni. Wakati wa mlipuko, watu wa afya wanasimama pwani na kutia klore katika kila bidoni, na wanashauri kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Utasikia malalamiko yale yale: haya si maji, ni dawa, hayako matamu. Wengine wanapita mbali kidogo na mahali pa klore ili wachote maji «mazuri».

Siwezi kuwacheka. Tangu utoto tumefundishwa kuamini ulimi: nyama iliyoharibika inajulisha kwa harufu, mihogo michungu inajulisha kwa uchungu. Na mihogo kweli inasema ukweli mara nyingi, kwa sababu ile michungu sana ndiyo kwa kawaida yenye sumu ya sianidi nyingi, na isipoloweshwa siku za kutosha inaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliokwisha kuonekana katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakina ladha. Maji yanayokiba yanaweza kuwa matamu kuliko yote. Katika jambo hili ulimi haujui kitu, na klore inayouudhi ndiyo rafiki.

Mara moja tu, katika ugonjwa huo huo, ulimi unarudishiwa kazi. Mtu anayehara anapoteza maji na munyu, na kama hakuna pakiti za dawa karibu, maji ya kumrudishia nguvu yanaweza kutengenezwa nyumbani wakati anapelekwa hospitali: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha munyu. Munyu ukizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Kwa hiyo vitabu vya afya vya vijijini, kama kile cha David Werner kinachojulikana Afrika Mashariki kwa jina «Mahali Pasipo na Daktari», vinatoa kipimo ambacho hakihitaji mashine: onja kabla ya kutia sukari, maji yasiwe na munyu kuzidi machozi. Kila mama anajua machozi yana ladha gani.

Sukari katika maji hayo haiko kwa ajili ya utamu. Inafungua mlango wa utumbo ili munyu na maji vipite kuingia katika damu. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis alikosa maji ya kudunga kwenye mishipa, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Katika kambi yake vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4.

Sukari yenyewe, Uvira ilikuwa nayo. Wazee wanakumbuka kiwanda cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi kaskazini mwa mji, kilichoanza miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 1996 vita vilipoingia. Mashamba ya miwa yalizunguka kila upande, na wafanyakazi walikuwa na kambi na shule. Leo sukari inakuja katika magunia kutoka ng'ambo ya mipaka, na bei yake inacheza pamoja na dola na hali ya barabara. Kuna vijana wa Kiliba wenye umri wa kuwa wazazi ambao hawajawahi kuona mtambo ule ukitoa moshi. Jina la mahali lingali linamaanisha sukari kwa yeyote aliyezidi miaka arobaini.

Nirudi kwa baba mkubwa. Jina la ugonjwa wake nalo lilianza mdomoni. Waganga wa India ya zamani waliuita mkojo wa asali, maana waliona sisimizi wakikusanyika pale mgonjwa alipojisaidia. Mwaka 1674 daktari Thomas Willis wa London aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu kama uliotiwa asali, na ndiyo, alijua kwa kuonja. Neno «mellitus» ambalo madaktari wanaongeza baada ya diyabeti ni Kilatini cha kitu chenye asali. Leo tone la damu na kipande cha karatasi vinatosha.

Mwezi wa pili tulimpeleka kwa muganga mwingine, mama mmoja mwenye subira. Huyo hakutumia neno tamu hata mara moja. Alimpa kipande cha muhogo uliochemshwa, akamwambia atafune bila kumeza, ahesabu polepole. Mzee akatafuna. Baada ya muda akashangaa: ulikuwa umeanza kuwa na sukari mdomoni. Mama akamweleza kwamba mate yanaanza kuugeuza pale pale, na tumbo linamaliza kazi. Bugali, muchele, viazi, vyote vinaishia kuwa sukari ndani ya damu, hata kama mdomo hausikii. Akachukua ngumi yake mwenyewe kumwonyesha kiasi cha bugali cha kula kwa mara moja. Sukre, hapana kabisa.

«Na ndagala, mama?» baba mkubwa aliuliza.

«Ndagala kula, papa. Hazipandishi sukari. Munyu tu ndio upunguze, kwa sababu tension nayo iko juu.»

Jioni zilipikwa ndagala, na munyu kidogo sana. Alizila zote. Kisha akasukuma sahani na kusema kwamba sasa ameelewa, wamemruhusu bitamu wakati havina utamu tena.